Taya la Yarrow

Kabla ya vita, ukitaka magunia yako ya sukari yafike Takaba bila kuloa wala kupungua, ulimtafuta Yarrow. Njia ya Wajir aliijua kama mtu aijuavyo sauti ya mamaye. Alijua kisima kipi kina maji matamu na kipi kina wenyewe wakali. Adui yake alikuwa mmoja tu, usingizi. Ujanani alianza kutafuna vijiti viwili vitatu vya miraa ili macho yasifumbike akiwa kwenye usukani, na miraa, kama mgeni mpole, ikaomba kona ya kujiegesha, mwishowe ikachukua kitanda.

Kisha shifta, wale waasi wa mpakani, wakaanza kutega mabomu barabarani, serikali ikatangaza hali ya hatari, na magari yakakatazwa kusafiri peke yake. Lori likaegeshwa Garissa, uani kwa Mursal, binamu yake mwenye duka na mwenye lori lenyewe. Lori lilisimama, taya la Yarrow halikusimama. Kila alasiri ungemkuta barazani na wenzake, shavu limevimba kama la mwenye jino bovu, akiwaeleza namna ya kupita kwenye matope ambayo hakuna aliyekuwa na mpango wa kuyapita.

Misafara ya malori ilipoanzishwa chini ya ulinzi wa jeshi, alirudi kwenye usukani, na msafara wa pili tu ukamponza. Karibu na Modogashe walipishana na Landrova iliyosheheni marobota yaliyofungwa kwa majani ya migomba. Huko hakuoti mgomba hata mmoja, na kila mtafunaji alijua majani yale yamefunika nini. Yarrow alichomoka kwenye mstari, akageuza lori na mzigo wake, akaifuata Landrova mbio. Askari wakadhani lori limetekwa. Nusura wampige risasi. Walipomkamata aliwaeleza ukweli, na ukweli huo ukachekwa kambini mwezi mzima.

Mursal hakucheka.

"Binamu," alisema, "lori langu linaondoka na msafara wa mwezi ujao. Ukiwa umeacha, utaendesha wewe. Kama hujaacha, ataendesha yule dereva mwingine, Musyoka."

"Musyoka? Yule ambaye ngamia akikohoa yeye anaruka?"

"Anaruka, lakini hageuzi lori."

Neno hilo lilimchoma Yarrow. Hakuwa na mifugo, hakuwa na duka. Ukimwondolea lori, kilichobaki ni mtu mrefu tu aliyekaa barazani. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye zahanati iliyokuwa karibu na mto, akaomba alazwe. Akapokelewa na muuguzi aitwaye Kanana, mwanamke mwenye sauti ndogo na hatua za haraka.

"Kwenu wapi, sista?"

"Meru."

Yarrow akamtazama kwa makini. "Kwenu mnapanda miraa, hapa mnatibu miraa. Nyinyi mnakula pande mbili."

"Babu yangu ana miraa shamba zima," Kanana akajibu, "na kinywani hana jino. Vua viatu, mzee, panda kitandani."

Asubuhi zilikuwa rahisi. Hamu ilikuja jua likishavuka utosi, saa ambayo mafungu ya miraa huingia sokoni. Ilianzia kwenye fizi, ikashuka mikononi, na vidole vyake vikaanza kubambua ganda la kijiti ambacho hakikuwepo. Alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Aligombana na shuka, akagombana na nzi, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba anapumua vibaya makusudi.

Mkewe Ebla alimhurumia. Alipokuja kumtazama alileta chupa ya chai nzito yenye iliki, karanga na mkeka, na marafiki wawili wa barazani wa kumwondolea upweke. Akatandika mkeka chini ya dirisha, akamimina chai, wanaume wakaegemea viwiko na kuanza habari za vita. Yarrow alishika kikombe, akaanza kubambua rangi yake kwa ukucha.

Kanana aliingia, akasimama mlangoni. "Mama, umemletea kila kitu isipokuwa miraa yenyewe."

"Si ndivyo inavyotakiwa?" Ebla akauliza. "Miraa nimeikataza mimi mwenyewe."

"Sista amesema kweli," akasema Jelle, mmoja wa wale marafiki, akijishika shavu. "Hata mimi hapa nimeanza kuitaka, na nilikuwa sina habari nayo."

Marafiki wakaondolewa pamoja na mkeka wao. Tangu siku hiyo, saa ile ilipofika, Yarrow alipewa maziwa ya ngamia yaliyoganda, akaogeshwa maji baridi, akatembezwa uani. Kanana alimwambia asishindane na hamu. Inapanda, inafika juu kabisa, kisha inashuka yenyewe. Kazi yake ni kuwa bado yuko pale ikishuka.

"Kama ngamia dume akitoa povu," akasema Yarrow. "Unakaa mbali mpaka amalize."

"Mimi ni mtu wa milimani, mzee. Ngamia nakaa naye mbali hata akiwa na furaha."

Taratibu akaanza kulala usingizi, akanenepa mashavu yote mawili kwa usawa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alipita sokoni mchana kweupe, akarudi mikono mitupu. Mtaa mzima ukampa mkono. Kisha akaenda kwa Mursal, akapanda kwenye lori, akakaa kwenye kiti chake cha zamani na kushika usukani.

Taya likaanza kutembea. Hakuliamuru. Lilitafuna hewa, na mkono wa kushoto ukatoka kwenye usukani, ukapapasa pembeni ya kiti, mahali alipokuwa akiweka fungu lake. Mate yakamjaa. Alishuka akikimbia, mbele ya macho ya Mursal.

"Nimepona kila mahali," alimwambia Kanana alipomrudia zahanati siku ile, bila kumtazama, "isipokuwa mahali ninapopataka."

Kanana akamwonyesha mlango. "Basi wodi yako ni lile lori. Kila mchana kalia kiti hicho, likiwa limezimwa, mpaka hamu ishuke. Lakini usikae peke yako."

Wa kukaa naye akawa Ebla. Mchana wa kwanza alimtazama mumewe akitafuna hewa, akachoka.

"Taya lako linataka kazi," alisema. "Mababu zako mimi nawajua wote, maana nimewafundisha watoto wako. Haya, nitajie wangu."

"Diriye, baba yako."

"Na baba yake?"

Yarrow akatazama nje ya dirisha. Kwa watu wao mtoto hujua majina ya baba zake, mmoja baada ya mwingine mpaka vizazi vya kale, kabla hajajua kuhesabu mbuzi. Lakini ukoo wa mke huachiwa wenyewe.

"Unakula kwangu tangu ndevu zako zikiwa nyeusi," Ebla akasema, "na hujui nilitoka kwa nani. Diriye, Rooble, Samatar Masikio, Guled Mla Peke Yake. Sema."

Akasema. Akikosea mmoja, alirudishwa mwanzo. Akimsifu babu yake mwenyewe katikati, alirudishwa pia. Majina yalikuwa mengi, na kabla hajafika kwa yule aliyezika wake zake wote, hamu ilikuwa imeshapanda na kushuka. Walifanya hivyo kila mchana, mkono wa kushoto ukiwa umekaa juu ya usukani.

Siku ya msafara Mursal alimkabidhi ufunguo kwa shingo upande, akampandisha na Musyoka kando yake, kama akiba. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana, kwenye kizuizi cha Modogashe, sajini aitwaye Kioko alikuja dirishani na kumkodolea macho.

"Si wewe yule wa majani ya migomba? Unatafuna nini?"

"Mababu wa mke wangu, afande."

"Fungua mdomo."

Kioko akachungulia. Aliona meno ya kahawia na ulimi mtupu. "Sasa watafune kwa sauti nisikie. Ukinidanganya unashuka hapa, na huyu anaendesha."

Hamu ilikuwa juu kabisa saa ile. Yarrow alianza kwa Diriye, akapita kwa Rooble, na hapo kichwa kikawa kitupu. Bunduki zilimtazama. Malori yaliyofuata yakapiga honi.

"Samatar Masikio," akasema Musyoka, akitazama mbele.

Kioko akageuka. "Wewe Mkamba mwenzangu, umejuaje?"

"Nimesomeshwa tangu Garissa, afande. Baada ya huyo ni Guled, alikuwa mchoyo."

Sajini alicheka mpaka akaushika mlango. "Nendeni," akasema, "kabla na mimi sijaingizwa kwenye ukoo."

Kizuizi kikainuliwa. Ng'ambo yake mwanamke mmoja aliinua fungu la miraa mbichi, la asubuhi ile ile. Yarrow aliliona, na mate yakamjaa kama zamani. Akaingiza gia, akaanza tena kwa Diriye, na Musyoka akimsahihisha njia nzima, wakafika Habaswein kabla jua halijatua.