Kihisi cha Kumi na Tisa

Rolande Bisson hajui kusoma ramani, lakini ungemfumba macho ukamwacha popote katika msitu wa familia yao wa miti ya shira, kwenye nchi ya theluji ya Beauce, angekuambia yuko chini ya mti gani. Kwa miaka thelathini na minne, kila Machi utomvu mtamu ulipoanza kushuka, alivaa viatu vya theluji akaifuata mirija inayounganisha miti, akitega sikio. Kindi akitoboa mrija, hewa hupiga mluzi na utomvu wa kuchemshwa uwe shira haufiki chini. Rolande aliziba, akaendelea. Mwaka jana goti likamgomea.

Ndipo Félix, mtoto wa kaka yake, mhandisi wa mjini, akaleta vihisi sitini: vidude vya kufungwa kwenye mirija, vinavyohisi mrija uliotoboka na kupokezana habari mti kwa mti bila waya mpaka kwenye skrini ya kibanda cha kuchemshia. Kaka mtu, Gaétan, akakata shauri: vikifeli msimu huu, mlima wa juu anauziwa jirani. Yeye peke yake hawezi kuukagua.

Basi Rolande akavilinda. Hasa cha kumi na tisa, maana hicho kilikuwa hakiishi kufa, na kikifa mlima wote wa juu unanyamaza. Anajikokota na fimbo, anakitia betri mpya, kinafufuka. Siku nne, kimezimika tena. Alikivika mfuko wa plastiki. Alikivika soksi. Alimshuku kindi, akashuku baridi, akamshuku hata jirani, masikini, ambaye hajakanyaga huko tangu Krismasi. Vingine vyote vilikuwa na betri za Januari na vinadunda tu; hiki anachokilea kama mtoto njiti ndicho kinachomfia! Kichwa kilimzunguka, akapiga simu.

"Félix mwanangu, umeniuzia kitu kibovu."

"Sijakuuzia, shangazi, nimekupa bure. Unakifanya nini?"

"Nakitia betri. Ulitaka nikiimbie?"

"Kila kikizimika?"

"Saa haiishi, nimefika."

Félix akacheka, na Rolande nusura amkatie simu.

"Sikiliza, shangazi. Habari za vihisi hivi hazina njia maalumu. Zinakwenda kama sisimizi jikoni: aliyepita salama anaacha harufu, mwenzake anaifuata. Mimi nimevipanga hivyo, penye betri yenye nguvu ndipo harufu inapokolea. Wewe umekitia nguvu kimoja tu, sisimizi wote wamehamia mgongoni mwake. Na kikifa unawahi kukifufua, harufu haijakauka, kwa hiyo hawatafuti njia nyingine."

"Yaani nakiua kwa kukitunza?"

"Kiache kife. Siku mbili usikiguse."

"Siku mbili! Na baba yako alivyonikalia kooni!"

"Mbili, shangazi."

Rolande hakuelewa. Katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kinachopona kwa kutelekezwa. Jumanne kikazimika, naye akavaa viatu, akavua, akavaa tena, akavua.

Gaétan aliingia akaitazama skrini, nusu yake nzima giza.

"Ndiyo hivyo, dada. Kesho kutwa nampigia jirani."

"Ngoja kwanza."

"Tungoje nini?"

"Haki ya Mungu, Gaétan, sijui."

Alhamisi, wakila maragwe na mayai, skrini ilianza kuwaka sehemu ya juu, taa moja, halafu tatu, halafu ukingo wote wa kaskazini. Habari zilikuwa zikizunguka kwa bondeni, kupitia vihisi ambavyo Rolande hakuwahi hata kuvipangusa theluji. Taa moja ilikuwa nyekundu: mrija wa arobaini na nne umetoboka.

Rolande akainuka, akashika fimbo.

"Unakwenda wapi?" Gaétan alimuuliza, yai mdomoni. "Pameshajulikana. Nakwenda moja kwa moja, naziba, narudi. Kaa ule." Akachukua koleo lake. Mlangoni akageuka. "Na jirani atangoja sana."

Rolande akakaa. Mlima hauuzwi tena, na alifurahi, alifurahi kabisa. Ila kwa miaka thelathini na minne, mrija ukitoboka, hakuna mtu aliyewahi kumwambia akae. Machozi yakamtoka, maragwe yakapoa, na hakuweza kujua analilia lipi.