Mwenye Mashaka Atoke

Juzi muuza duka mmoja wa Mabatini alifungua chupa ya mafuta ya mzeituni, na kwa harufu yake nikajikuta chumbani kwetu Mkolani, nikiwa darasa la pili. Mdogo wangu alikuwa amelala mkekani, anapumua kwa shida, kifua chake kinang'aa kwa mafuta hayohayo.

“Mwenye mashaka atoke nje,” alisema mchungaji aliyekuja kumwombea. “Asituzuilie uponyaji.”

Mimi nilikuwa nayo, kwa sababu nilishaona kucha zake zimegeuka bluu. Nikautazama mlango, upepo wa ziwani ukiutikisa, kisha nikamwona mama ananitazama. Nikafumba macho na kuitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tulimzika Jumamosi. Mpaka leo mama husema yalikuwa mapenzi ya Mungu, nami sijawahi kumwambia kwamba nilitakiwa kutoka.