Kitabu Nilichompa Fundi wa Boila

Miaka ile kiwanda chetu cha mafuta ya pamba kilipokuwa kinasubiri mnunuzi, kazi yangu ilikuwa kutunza chumba cha kusomea. Kilikuwa nyuma ya ghala la mashudu, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, kabla hujafika Buhongwa. Kilianzishwa zamani kwa ajili ya elimu ya watu wazima, kisha wafadhili wakaleta maboksi ya riwaya za Kiingereza ambazo hakuna aliyehangaika kuzifungua. Nilizifungua mimi. Nilizisoma pia, kamusi pembeni, kwa sababu siku nzima waliingia watu watano au sita tu.

Nilipenda kumchagulia mtu kitabu. Mlinzi wa geti nilimpa vita. Karani wa mishahara alitaka mapenzi ya kuliza, na mimi nilijua hata ni sura ipi itamliza. Lakini msomaji niliyemngoja kila wiki alikuwa fundi wa boila, kaka wa miaka arobaini hivi, mpole, mikono yake imejaa makovu ya mvuke. Alisomeshwa na wamisionari na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Yeye alitaka riwaya za kale tu.

"Dada, nipe watu waliokufa siku nyingi," aliniambia mara ya kwanza. "Hawa wa sasa nashinda nao kazini."

Nikampa misafara ya pembe, nikampa watemi na vita vyao, nikampa mabaharia wa ng'ambo. Kila Ijumaa alirudisha kimoja na tukakaa kukizungumza mpaka king'ora cha zamu kilie. Hakuwa na mke. Wenzake walimtania kwa hilo, naye alicheka pamoja nao, kicheko kifupi. Ila siku moja alinitajia rafiki yake aliyehamia Musoma, na namna alivyolitamka jina lile ilinifanya nimtazame vizuri. Nilikuwa naijua sauti ile. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi.

Kwa miaka mitatu nilikaa chumba kimoja na muuguzi, msichana wa Kihaya. Ndugu zetu walidhani tunasaidiana kodi. Tulipendana kama mtu na mkewe, na hatukumwambia mtu yeyote, maana kwa jambo hilo ungeweza kupoteza kazi, ukoo na hata uhuru wako. Kisha wazazi wake wakamwita nyumbani, akaolewa. Mwezi ule nilishindwa kula. Kilichonishika nisianguke ni riwaya moja niliyoikuta chini kabisa ya boksi, kitabu kisicho na picha jaladani. Kilihusu waashi wawili wa mawe katika mji wa mbali, karne nyingi zilizopita, wanaume wawili wanaojenga kanisa mchana na kuishi nyumba moja kama mke na mume. Wanagombana kuhusu mbuzi. Wanazeeka. Nilisoma nikisubiri wanyongwe, hawakunyongwa. Nilikisoma mara tatu.

Basi nikatamani mtu mwingine naye awe amekisoma. Hiyo tu. Ijumaa moja nikamwekea fundi mezani.

"Hiki ni cha kale," nikasema. "Utakipenda."

Sikumwambia kilichomo. Sikumwambia kwa nini nampa yeye. Nilijiona mwerevu.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Ya tatu alikuja, kitabu kimefungwa gazeti mara mbili na kukazwa kwa kamba ya katani. Hakukaa. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Dada, nani amekwambia?"

"Amenambia nini, kaka?"

"Usinifanyie hivyo. Nani amekutuma unipe hiki? Ni wale wa karakana? Wanataka nijue kwamba wanajua?"

Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilitakiwa kusema neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa: kwamba hakuna aliyenituma, kwamba nimempa kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa namna hiyo. Lakini nikaogopa. Ndani ya dakika ile ile nikawaza, je, kama nimekosea? Je, akienda kunisema? Nikamwambia, "Ni kitabu tu, kaka. Sikujua kina nini ndani."

Alikiweka kitabu mezani. Kisha akasema, "Sawa," akatoka.

Jumatatu hakuonekana kazini. Jumanne wakamweka msaidizi wake kwenye boila. Kwa kuwa ilikuwa ni wakati wa kupunguza watu, hakuna aliyeuliza. Walifurahi amejipunguza mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo ikaja kamati ya kuhesabu mali kabla ya kiwanda kuuzwa. Nilikumbuka kwamba kila kitabu kina kadi yenye jina la aliyeazima. Kwenye kadi ya kitabu kile jina lilikuwa moja tu, la fundi. Nikaichomoa, nikaenda nayo chooni, nikaichana vipande vipande na kuitupa shimoni. Mchana ofisa mmoja wa kamati, aliyejua Kiingereza, akakishika kitabu chenyewe. Alisoma hapa na pale, uso ukamkunjamana.

"Nani anasoma uchafu huu?"

"Hakina kadi, mzee. Nadhani hakijawahi kuazimwa."

"Na wewe? Umekisoma?"

"Sijakisoma."

Akakitupa kwenye rundo la vitu vya kuchomwa. Hiyo ilikuwa mara ya pili nakikana. Walipokwenda kunywa chai nikakiiba, nikakificha chini ya kitenge, kiunoni, na nikatoka nacho getini.

Jumamosi nilikwenda alikokuwa amepanga, Buzuruga. Mama mwenye nyumba aliniambia amehama na godoro lake bila kuaga, hata mwezi haujaisha. Akanielekeza kwa dada yake fundi, Misungwi. Nikaenda kesho yake.

Dada mtu nilimkuta amepiga magoti anaanika michembe ya viazi juu ya jiwe. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Umetoka mjini?" Alinitazama toka viatu mpaka kichwani, uso ukachangamka. "Ndiwe mchumba wake? Siku zote tunamwambia alete mtu."

Aliuliza kwa matumaini mengi. "Hapana, dada. Mimi natunza vitabu kazini kwake."

Mikono yake ikasimama juu ya michembe.

"Vitabu," akasema. "Basi ni ninyi. Alikuja hapa siku mbili, hakula, hakulala. Nikamuuliza una nini, akasema kazini wamemwandika kitabuni. Nikasema wamekuandika kitu gani? Akalia. Mdogo wangu, sijamwona analia tangu tumzike mama. Mmemwandika nini?"

"Hatukumwandika chochote. Kitabu kilikuwa cha watu wengine, waliokufa zamani. Nilimpa kwa nia njema."

"Kama ni nia njema, mbona amekimbia?"

Mumewe alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Nikauliza amekwenda wapi. Akasema machimboni, upande wa Geita, lakini shimo gani hajui, na amewaambia mtu yeyote wa kiwandani akija wasimwelekeze. "Nimeshakuelekeza," akasema, akarudi kwenye michembe yake. "Kama utamtafuta, mtafute. Uliyemharibia ni wewe."

Nikavuka ziwa kwa kivuko, nikapanda lori mpaka machimboni. Nilikuwa na kitabu kwenye mkoba, na pembeni ya ukurasa ambapo waashi wanagombana kuhusu mbuzi nilikuwa nimeandika kwa penseli: "Nilicheka hapa, halafu nikalia. Ni changu kabla hakijawa chako." Niliandika hivyo ili hata kikishikwa na mtu mwingine asielewe, ila fundi aelewe.

Kwa siku mbili nilizunguka kwenye yale mahema ya nailoni na matope mekundu, nikimwuliza kila mtu habari za mwanamume mpole mwenye makovu mikononi. Kila mtu kule alikuwa na makovu. Wachimbaji wengine walinijibu vizuri, wengine wakadhani nimetelekezwa na mume, wakanicheka. Siku ya tatu mama mmoja aliyewapikia ugali wachimbaji akanihurumia, akaniita nikae.

"Huyo mtu wako huku anaitwa nani?"

Nikataja jina lake.

"Hilo ni la kwao. Huku hakuna mtu anayetumia la kwao. Nakuuliza anajiitaje."

"Sijui, mama."

"Basi humtafuti, unazurura." Akanipa maji ya kunywa. "Aliyekuja huku kujificha, mtu wangu, hata akikuona atapita."

Nilipoinuka niliwatazama wanaume waliokuwa wanapita pale, mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani kati yao aliyekwisha kuniona. Kitabu nikamwachia yule mama, nikamwomba akimwona mtu anayeulizia vya kusoma, ampe. Alikipindua, akasema karatasi zake ni nyepesi, zinafaa kusokotea sigara. Nilielewa. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Wakati wa kurudi kivuko kilikwama kwenye magugu maji. Injini ilizimwa ili wanaume wakate magugu kwa mapanga, na tukakaa pale juani. Hapo ndipo nilipolia, mbele za watu wote, bila hata kufunika uso. Mama aliyeketi karibu yangu na beseni la dagaa akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Umefiwa?"

"Nimempoteza kaka yangu."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Nilimpa kitabu."

Akauliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto, "Kitabu cha nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikamsimulia waashi, kanisa, mbuzi, na jinsi walivyozeeka. Alisikiliza vizuri, hata akatabasamu kwenye mbuzi. Nilipofika kwenye kupendana kwao nikasema wazi kwamba walikuwa kama mke na mume, na kwamba hata mimi nilimpenda mwanamke hivyo hivyo, na ndiyo maana nilimpa kaka yangu kitabu.

Aliondoa mkono begani kwangu. Hakunitukana. Alijitwika beseni lake, akasogea mpaka upande wa pili wa kivuko, akasimama huko pamoja na wengine mpaka tulipofika Mwanza.

Kiwanda kiliuzwa mwaka huo, nami nikapunguzwa pamoja na chumba changu. Fundi sijamwona tena. Niliandika barua mbili kwa dada yake Misungwi. Ya kwanza haikujibiwa, na ya pili ilirudi ikiwa imefunguliwa.