Mbili, Kimya, Moja

Harufu ya samaki wa kukaushwa ikichanganyika na ya mbao iliyolowa hunirudisha mtumbwini mpaka leo. Nikiipata sokoni hapa Kindu, hata nikiwa na haraka, husimama. Nilikuwa na miaka minane vita vilipotutoa nyumbani kwetu Alunguli, na kwa msimu mzima wa mvua tuliishi juu ya maji ya Lualaba, ndani ya mtumbwi mrefu uliochongwa kwa mti mmoja, wenye kibanda cha majani katikati na mbabula, jiko letu la makaa, miguuni pa mama. Tulikuwa wanne: baba, mama, kaka yangu Amisi na mimi Sakina. Wengine wakisimulia miaka ile husimulia kukimbia. Mimi husema tulikuwa tunatembelea marafiki, na sisemi uongo.

Kabla ya vita baba alikuwa akiuza chumvi kijiji kwa kijiji kando ya mto, na rafiki zake wa zamani aliwapa heshima kubwa kuliko zote: aliwaita watoto wake kwa majina yao. Kwetu, mtu uliyepewa jina lake ni ndoyi wako. Anakulisha, anakuvisha, tena anakuita mwenzake hata kama yeye ana mvi na wewe una mapengo. Mzee Amisi, ndoyi wa kaka, alitupokea majuma mawili kwa wali na sombe, majani ya muhogo yaliyojaa mawese, na kaka akavimba kichwa, akawa anapakuliwa wa kwanza kama bwana harusi. Nilimwonea wivu, sifichi. Ndoyi wangu, Mama Sakina, aliishi mbali zaidi, tukishuka mto, na hakuna aliyejua kama bado yuko. Mama alikuwa na mimba iliyofika mwisho, na Mama Sakina alikuwa mkunga. Baba alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatazaliwa juu ya maji.

Shida ni kwamba siku zile kijiji kikisikia chombo chochote mtoni, watu wote waliingia msituni. Kwa hiyo baba na rafiki zake walikuwa na namna yao ya kugonga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi: mara mbili, halafu kimya cha pumzi tatu, halafu mara moja. Kimya ndicho kilichosema ni sisi. Mporaji ana haraka, hawezi kungoja pumzi tatu. Tulipoona moshi wa kijiji cha Mama Sakina nyuma ya migomba, baba alinipa kasia.

"Leo wewe njo utagonga," akasema; kwetu njo ni ndiye. "Ndoyi ni wako."

Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu kwa Mzee Amisi. Nikagonga kwa furaha, mbili na moja, harakaharaka, bila kupumua hata kidogo. Moshi ukazimwa palepale. Tukasikia sufuria ikianguka, mtoto akilia na kuzibwa mdomo, kisha hakuna kitu. Mama alishika kiuno, akaniangalia, akaniuliza:

"Ile kimya yako uliiweka wapi, mama?"

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Baba alikataa kushuka kuwatafuta, maana mwanamume anayefuata watu msituni huwakimbiza mbali zaidi. Alitusogeza ng'ambo, kwenye matete, tungoje asubuhi. Kila mama alipoguna niliziba masikio. Niliwaza kwamba nimemfukuza mtu pekee aliyeweza kumsaidia, na kwamba jina lake silistahili.

Kulipokucha baba alinirudishia kasia ileile. Alivuka hadi bandarini, akatazama pembeni. Nikagonga mara mbili. Nikavuta pumzi ya kwanza, ya pili, na ya tatu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta. Nikagonga mara moja. Migomba ikatikisika.

"Wewe njo nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ni mimi Sakina!"

"Sakina njo mimi! Wewe ni Sakina gani?"

"Ndoyi yako!"

Akatoka mwanamke mrefu, panga mkononi, matope mpaka magotini, anacheka. "Ndoyi yangu, jana ulitukimbiza mpaka kwa nyoka!" Kisha akamwona mama, kicheko kikakatika, akaingia majini na nguo zake kumshika mkono. Kabla ya adhuhuri mdogo wangu Mwamini alizaliwa juu ya mkeka wa Mama Sakina, penye nchi kavu, kama baba alivyoapa. Watu waliporudi kutoka msituni mwenyeji wetu alinishika bega mbele yao wote. "Huyu mutoto njo alituita," akasema, na ya jana hakuyataja. Siku hiyo nilipakuliwa wa kwanza, na kaka akangoja.

Mama Sakina alifariki akiwa mzee, na nilimlilia kama mtoto wa tumbo lake. Leo nina nyumba ya matofali mtaani Mikelenge, yenye mlango wa chuma, na simu inayonieleza nani anakuja kabla hajafunga viatu. Ni raha, siikatai. Lakini enzi ile hatukuwa na nyumba wala simu, na kulikuwa na watu waliotoka mafichoni, roho zao mikononi, kwa sababu tu walitutambua. Sijawahi kuwa tajiri zaidi ya hapo.

Mwamini anakaa Alunguli, na binti yake wa kwanza alimwita kwa jina langu. Jumapili huvuka mto pamoja naye, wakapanda pikipiki mpaka kwangu. Jumapili iliyopita mtoto, niliyekwisha kumfundisha kugonga kwetu, aligonga mlango wa chuma mbili na moja, harakaharaka, maana alikuwa amesikia harufu ya maandazi. Sikuondoka kitini.

"Dada, fungua, jua ni kali!" Mwamini akaita.

"Ndoyi yangu bado hajafika," nikajibu.

Nje kukatulia. Kisha nikasikia kiganja kidogo kikigonga mara mbili. Nilihesabu pumzi pamoja naye, zote tatu, na kabla hajamaliza ya mwisho nilikuwa nimeshasimama, mkono kwenye komeo.