Tundu Nililoliziba

Juzi asubuhi gari la binti yangu lilitushinda. Kuwaka linawaka, linanguruma vizuri kama lina nia, kisha linakohoa na kuzima. Likiwashwa tena, linazima tena. Mie nimekaa barazani hapa Mpendae nnachambua mchele, na kila likizima mkono wangu unasita kwenye ungo.

Fundi akaja na kidude chake chenye kioo, akakichomeka chini ya usukani, akasoma. Nkamwambia, "Mwanangu, fungua kifuniko cha tangi kwanza." Akacheka bila ya dharau. "Bibi, haya si magari ya enzi zenu. Hii ni pampu ya mafuta." Na kweli ilikuwa pampu. Akabadilisha, gari likaondoka. Mie nkabaki na siku moja ambayo haijanitoka mpaka leo. Nnakuhadithia wewe kwa sababu waliostahili kuisikia hawapo.

Sisi tulikuwa watu wa Jang'ombe. Baba alikuwa na gari la shamba, lori lililojengwa bodi ya mbao na mabenchi, likichukua watu na mizigo baina ya mjini na Makunduchi kwao. Alasiri ulilisikia kabla hujaliona: mbao zinalia, kuku wanalia ndani ya matenga, na abiria wanagombana kama wako nyumbani kwao. Likisimama mlangoni huja na harufu ya shamba zima, mananasi, majani ya muhogo, jasho. Na halikosi kifurushi kutoka kwa bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa akitupelekea pweza mkavu, mgumu kama kiatu, na mama anamroweka, anamtwanga, anampika kwa tui zito mpaka majirani wanaanza kutuamkia bila ya sababu.

Skuli nliishia darasa la tatu na sikulia, maana kazi nliijua. Kuliosha gari la baba ilikuwa kazi yangu. Nlikuwa na miaka kumi, na hakuna aliyelisugua kama mie. Nlilisugua kwa makumbi ya nazi na maji ya kisima mpaka nkajiona uso wangu kwenye boneti yake.

Enzi hizo kitu kikitoboka hakitupwi. Ndoo ikivuja, mama anakata kipande cha sabuni ya mche, anakifinyanga kwa vidole mpaka kinakuwa laini kama donge la unga, anakikandika kwenye tundu. Siku kadhaa maji hayapiti. Mtoto wa kike asiyejua kuziba tundu kwa sabuni alikuwa anachekwa.

Sasa, kifuniko cha tangi la lile gari kilikuwa na kitundu katikati, kidogo kama cha sindano. Tangi likijaa na gari likikata kona, petroli inaruka hapo. Siku moja ikamrukia shangazi, dada yake baba, amevaa kwenda arusini na amejifukiza udi. Alirudi amefura. "Gari la kaka! Nimefika arusini nanuka kibatari! Watu wananikimbia kama nnataka kuwasha moto!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mie sikucheka, mie nliona kazi. Jioni yake baba alirudi na tangi limejaa pomoni. Nkaosha gari, nkakata sabuni, nkaifinyanga, nkaliziba lile tundu kwa ndani na kwa nje. Nkapangusa. Nlitaka kusifiwa, basi. Nkangoja shangazi apande tena, aone.

Shangazi alipanda kesho yake tu. Asubuhi mtu wa Makunduchi alishuka kwenye gari la mwanzo, akapiga hodi, akasema bibi amefariki, na atazikwa baada ya adhuhuri. Baba alikaa chini pale pale kizingitini. Halafu akainuka, akasema, "Twendeni." Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume pekee. Kumteremsha mama yake kaburini kulikuwa haki yake, na kwetu maiti hacheleweshwi. Lakini ilikuwa saa mbili tu ya asubuhi, na safari yenyewe kwa gari lile ilichukua muda wa saa mbili na ushei. Muda ulikuwepo.

Hatukufika Tunguu, gari likazima.

Baba akashuka, akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti. Mafuta tele. Akafunga. Akatoa plagi moja moja, akazipangusa kwa kikoi chake. Gari likawaka. "Plagi," akasema. Tukaenda muda wa birika kuchemka, likazima.

Akafungua kifuniko, akatia kijiti, mafuta yapo, akafunga. Safari hii akachomoa mpira wa mafuta, akaupuliza mpaka petroli ikamjaa kinywani, akatema. Likawaka. "Kumbe uchafu." Likazima. Akafungua kabureta njiani pale, akaviweka vyuma vyake juu ya kanga ya mama, akavisafisha kimoja kimoja. Likawaka. Likazima.

"Kaka, gari lako lina shetani," shangazi akasema.

"Shetani wewe. Shuka usukume."

Tukasukuma sote watatu, mama, shangazi na mie. Jua likapanda. Tulisikia adhana ya adhuhuri tukiwa bado hatujafika Jozani. Baba akafungua kifuniko kwa mara ya sijui ya ngapi, na mie nliyesimama karibu nkasikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua kisha akaachiwa.

Hapo nlijua. Kwa akili sikujua, sikuwa na elimu ya injini. Moyo ndio ulionambia. Nkasema, "Baba..." na mama akanishika bega. "Nyamaza. Wakubwa wana msiba." Nkanyamaza. Nlinyamaza haraka mno, nkashukuru kuwa nimenyamazishwa.

Tulifika alasiri imeshasaliwa. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, mikono ina udongo. Mzee mmoja akamshika baba kwa mikono yote miwili. "Tumekungoja mpaka alasiri, mwanangu. Na joto hili. Tumeshamsitiri."

Baba akaenda peke yake. Nlimwona kwa mbali amechutama kando ya udongo mbichi, mikono yake imening'inia, haina la kufanya.

Siku ya tatu, matanga yameondoshwa, alipofungua tangi turudi mjini akaiona sabuni, ambayo kwa haraka ya siku ile hakuiangalia. Akaikwangua kwa msumari polepole. Akatueleza bila ya kupandisha sauti: mafuta yakitoka, hewa lazima iingie, tundu likizibwa injini inavuta kidogo kisha inakufa. Kila alipofungua kifuniko gari lilipata pumzi, naye akasifu plagi, akasifu mpira. Kisha akauliza, "Nani kaziba hapa?"

Mama akaniangalia mie. Akaangalia mikono yangu. Akasema, "Mie."

Baba hakumpiga, hakumtukana. Zamani akirudi safari alikuwa anampigia honi mara tatu tangu kona ya msikiti, na mama anaitengeneza kanga yake haraka kama mwari. Tangu siku ile honi haikupigwa tena. Waliishi nyumba moja miaka mingi, wakala sinia moja, na baina yao palikuwa pamekauka. Mama hakunitaja hata siku moja. Alitangulia kufa yeye.

Gari liliuzwa, likakatwa likawa chuma chakavu. Njia ya Makunduchi siku hizi ni lami tupu, watu wanakwenda na kurudi hata njaa haijawauma. Ile nyumba ya Jang'ombe ina wenyewe wengine.

Baba alipokuwa mzee alihamia kwangu. Asubuhi moja akiwa mezani, bila ya kuulizwa, akaniambia, "Mama yako alikuwa mwanamke mwema sana. Lakini lile sikuweza kumsamehe. Nlijaribu, sikuweza." Akaniangalia, akangoja, kama anataka niseme kitu. Tulikuwa wawili tu.

Nimezaa saba, nimewakuza wote, wajukuu wangu wanasifiwa kwa adabu, na mtaa huu hakuna wa kuninyooshea kidole. Lakini usije ukanionea huruma ukasema nlikosa nafasi ya kusema. Nafasi nliipata, mbele yangu, na mtu mwenyewe ananingoja. Nkamimina chai.