Siku Tuliyoila

Baba yangu alikuwa mshonaji wa kofia na muadhini wa msikiti wa mtaa wetu, Amu, kisiwani Lamu. Kofia zilitulisha, adhana ndiyo iliyompa raha. Alfajiri akitoka, mama alikuwa akimtania kwamba anakwenda msikitini kama bwana harusi. Hayo ni ya kabla ya vita vya Wazungu, mimi bado sijafikia kufunga mwezi mzima.

Watu wa mtaa wetu walikuwa wavivu, nami siwasitiri. Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani hawakutazama mbinguni, walimtazama baba. Akinyosha kidole, wao hufuata kidole. Sifa za macho yake zilifika hadi Shela. Mimi niliyemtungia uzi kwenye sindano nilijua kuwa macho hayo si yale tena, lakini hilo lilikuwa jambo la ndani ya nyumba.

Mwaka ule magharibi kulikuwa na ukungu. Baba akanyosha kidole. Jirani yetu akaapa kuwa naye ameuona mwezi, na mashahidi wakatimia wawili. Asubuhi tukala Idi. Msimamizi wa msikiti alimuoza binti yake siku hiyo hiyo, na mtaa mzima ukashiba pilau yake mchana kweupe.

Jioni ile nilipanda darini na baba. Mbingu ilikuwa safi. Nikauona mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa, unakaribia kuzama. Nikamuuliza mbona mwezi wa siku ya pili ni mchanga hivi. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikamwelekeza, na bado hakuona kitu. Akakaa kitako pale pale.

"Mwezi umeandama leo, mwanangu," akasema. "Jana niliona nilichokitamani."

Mama alipopata habari alimshika kanzu.

"Bwana, nyamaa. Siku imeshaliwa, na Mungu ajua hukukusudia."

"Mungu ajua. Wao hawajui, na wana siku ya kulipa. Niliyewalisha ni mimi."

Alfajiri, baada ya sala, alisimama akawaambia wote kwamba hakuona mwezi na kila mtu ana siku moja ya kufunga kadha, kulipa ile iliyoliwa. Jirani yetu alishikilia kuwa yeye aliuona. Msimamizi, ambaye karamu ya binti yake sasa ilikuwa imeliwa ndani ya Ramadhani, alisema macho ya baba yamekwenda na akili zake. Adhana akapewa mwingine. Walioagiza kofia hawakuja kuzichukua. Tukipita njiani, watoto walinyosha vidole juu wakacheka. Wallahi niliwachukia.

Baba alifunga siku yake, mama akafunga naye, basi. Hakumsema mtu. Lakini kila ukifika wakati wa sala aliweka sindano chini, akanong'ona adhana yote tangu mwanzo hadi mwisho, na mama aliacha kutwanga mpaka amalize. Sijaona mtu akikosa kitu kwa adabu namna ile, na moyo uliniuma kila mara.

Ilipobaki kidogo Ramadhani nyingine iingie, alasiri moja msimamizi alikuja, akaketi dakani kwetu, kwenye baraza ya mlangoni. Alisema anataka kofia. Mama akanituma na kahawa. Alikitazama kikombe, asikishike.

"Mrudishie mamako," akaniambia. "Nimefunga."

Baba akamuuliza kwa upole kama ni sunna.

"Kadha," akasema.

Baba alipapasa mkeka mpaka akaupata mkono wake, akaushika. Wakakaa hivyo mpaka jua likazama. Kisha yule mzee akasema, macho chini:

"Niadhinie, Bwana, nipate kufungua."

Baba akasimama, akatia vidole masikioni, akaadhini kwa sauti yake yote. Vichwa vikachomoza milangoni. Jikoni mama alikuwa akilia, hajifichi.

Mgeni alikula tende yetu, akanywa maji, akaenda zake. Alfajiri ya pili, msikitini aliadhini yule yule mwingine, na ikawa hivyo mpaka baba alipokufa. Mimi yule mzee sijamsamehe hadi leo. Baba alikuwa ameshamsamehe kabla tende haijamshuka kooni, na kofia yake akaianza usiku ule ule, mimi nikimtungia uzi.