Asumini ya Mama na Kirusi Kisichouma

Mpaka leo mtu akiniuliza kama mti wetu wa asumini ulikuwa mgonjwa au mzima, mie huona kizunguzungu. Ulikuwa na kirusi, haukuwa na ugonjwa. Mwenye kuelewa na aelewe, mie nimeshindwa.

Mti wenyewe ni wa mama, uko uani kwetu huku Mji wa Kale tangu sijaolewa. Kila alasiri mie humchumia maua kwenye kisahani, naye akayatia chini ya mto wake. Basi majani yakaanza kugeuka manjano. Mpwa wangu, binti ya dada yangu wa Ganjoni, anafanya kazi kwenye maabara ya mimea. Siku aliyokuja kututembelea akayatazama, akakunja uso, akachuma machache akayatia kwenye kifuko.

Baadaye akapiga simu. "Mama mdogo, yana kirusi. Na kila kikonyo kilichokatwa hapo kikapandwa kwingine huenda nacho kinacho. Nitapima tena, lakini ningekuwa mimi ningeung'oa nikauchoma."

Mama alikuwa ubavuni kwangu, kasikia kila neno. Wala hakuushtukia mti wake, alishtukia wa jirani. Mlango unaotazamana na wetu anakaa mama mmoja, rika lake. Binti ya jirani huyo alikuja kwetu zamani kuomba kikonyo, akakipanda kwenye debe uani kwao, na mwaka uliofuata akafariki. Tangu hapo jirani akiusemesha ule mti asubuhi na jioni, na hakuna aliyemcheka.

"Nimempa mwenzangu ugonjwa," mama akasema. "Nikae kimya?"

"Ngoja basi, mtoto kasema atapima tena."

"Ningoje nini? Uenee mtaa mzima?"

Akajitanda leso yake, akavuka. Jirani hakubisha, kwani humwamini mama kuliko daktari. Alasiri ile ile aliung'oa mti akauchoma, na moshi wake niliuona kwa macho yangu. Wetu nilikataa katakata usiguswe, mama akaninunia, hasemi nami ila kwa salamu.

Haya. Kipimo cha pili kikatoka, mpwa wangu akaja mwenyewe, chai hainywi.

"Mama mdogo, hakuna kirusi hai."

"Si ulisema kimo?"

"Kimo kipande tu. Zamani za kale, kabla hata ya watu kupanda asumini, kirusi kiliingia kwenye mti, na kipande chake kikanasa ndani ya jeni zake. Kirusi kikatoweka, kipande kikabaki, na miti inarithishana mpaka leo. Virusi vya namna hii ni vya RNA, na jeni za mti ni DNA. Kwa kawaida havichanganyiki, ndiyo maana sikufikiria. Kipimo cha kwanza kilikiona kipande hicho; safari hii tuliiondoa DNA tukatafuta RNA peke yake, hatukuona kitu."

"Lo! Yaani mgeni aingie kwako, aondoke, asahau mguu wake, halafu mguu uwe wako?"

"Ndivyo hasa."

"Ndivyo vipi? Mie nakutania!"

Na majani je? Maji, akasema. Mfereji ulipokauka tulikuwa tukimwagilia maji ya kisima, na kisima chetu ni chumvi tupu. Wallahi nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Hasira zilinipanda, furaha nayo imo, nisijue nianze na lipi.

Mama akaniletea kisu. Kisha akaniambia, "Kata kikonyo."

Tukavuka, mie na kopo lenye kikonyo, mama kanishika mkono. Jirani akatukaribisha vizuri, akatutandikia mkeka. Nikaanza kueleza, kirusi, kipande, jeni, nikajichanganya, nikarudi nyuma, nikajichanganya tena.

"Sasa mti wenu una kirusi au hauna?" akauliza.

"Unacho, lakini hakiudhuru."

"Na wangu?"

"Vile vile."

"Kwa hivyo wangu ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mama."

Mama akalichukua kopo akamtilia mikononi. "Mwenzangu, nisamehe. Mie ndiye niliyekwambia. Chukua hiki upande."

Nami, kwa kiherehere changu, nikadakia. Nikamwambia asihuzunike, kikonyo hiki kimekatwa kwenye mti ule ule uliotoa chake, kwa hivyo huu na ule ni mti mmoja, haukupungua kitu, hata kile kipande cha kirusi kimo humu humu.

Akakitazama kikonyo, akakigusa jani. Kisha akalirudisha kopo mapajani mwa mama, polepole, bila ya hasira.

"Sio," akasema. "Ule aliupanda mwanangu."